Kutoka Nairobi hadi Kisiwa cha Wasini: mwongozo kamili wa kwenda, kulala na kurudi

Watu wengi wa Nairobi wamewahi kukanyaga Wasini na bado hawaijui. Walikuwa Diani, wakalipia safari ya siku moja, wakabebwa alfajiri kwa gari dogo, wakaona pomboo, wakala kaa, na alasiri wakawa tayari wamerudishwa Shimoni, gati la upande wa bara. Hawakupita hata uchochoro mmoja wa kijiji. Mwongozo huu ni wa anayetaka kisiwa chenyewe: mitaa ya Wavumba, makaburi ya kale, njia ya miguu ya kwenda Mkwiro, na ufuo wakati maji yamekupwa. Lazima ulale huko, angalau usiku mmoja. Ukipanga vizuri, unatoka kazini Ijumaa na Jumatatu asubuhi uko ofisini.

Wasini ni kisiwa kidogo, urefu wake kama kilomita tano na upana kilomita moja hivi. Kiko Kaunti ya Kwale, mkabala na Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Hakina magari. Kijiji cha Wasini kiko upande wa magharibi, Mkwiro upande wa mashariki, na katikati ni vichaka juu ya mwamba mkavu.

Anza na mwezi, tikiti baadaye

Wengi wetu tukipanga safari ya Pwani tunaangalia kwanza sikukuu, kisha nauli. Kwa Wasini, angalia mwezi kwanza. Maji ndiyo yanayoamua utaona nini, utatembea wapi, na mashua itakushusha gatini au utavua viatu.

Mambo yenyewe ni hivi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kukupwa sana, na katika pwani yetu tofauti ya kina hukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Sasa sikiliza jambo ambalo wavuvi wanalijua bila kutazama simu: pwani ya kusini ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume, saa nne yamejaa na saa kumi yamekupwa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi.

Kwa hiyo chagua. Ukitaka vijiji, ufuo, bustani ya matumbawe na akina mama wakiwa kwenye mashamba ya mwani, tafuta wikendi ya bamvua. Jumamosi asubuhi bahari itakuwa imejitoa mbali na jioni itarudi hadi kwenye kuta. Ukitaka kuogelea na miwani huko Kisite, hifadhi ya bahari kusini mwa kisiwa, maji mafu ni bora, kwa sababu mkondo haukuvuti sana na asubuhi kuna kina cha kutosha juu ya mwamba. Vyote viwili wikendi moja haviwezekani vizuri. Mimi naegemea bamvua, maana samaki wa rangi unaweza kuwaona hata Watamu, lakini kijiji hiki kiko hapa tu.

Kisha upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi huvuma kusi. Bahari huchafuka, na mvua za masika za Aprili na Mei hutia maji tope. Kaskazi huanza kushika karibu na Desemba na kuendelea hadi Machi, nayo ndiyo miezi ya maji meupe, hasa Januari na Februari. Oktoba na Novemba, upepo unapogeuka, bahari hutulia. Julai hadi Septemba ina faida yake: nyangumi wenye nundu hupita nje ya Kisite wakitoka maji baridi ya kusini, ila uwe na tumbo la kuvumilia mawimbi.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani si marufuku kwa mgeni, lakini mchana hutapata hoteli ya kijijini iliyofunguliwa, na si adabu kula hadharani. Mgeni anayekubali kufuturu na wenyeji hupata mlo bora kuliko wote wa mwaka. Siku ya Ijumaa, usitegemee mashua saa ya swala ya adhuhuri.

Treni

Treni ya SGR hutoka Syokimau mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, ambayo husimama vituo vya njiani, saa tisa alasiri, na saa nne usiku. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Unakata kwa simu kwa kubonyeza *639#, au kwenye tovuti, na unalipa kwa M-Pesa. Weka namba ya kitambulisho sawasawa, maana itaangaliwa mlangoni. Pasaka na Desemba tikiti huisha mapema sana, na wikendi ndefu vivyo hivyo.

Kwa safari hii, panda ya saa nne usiku siku ya Ijumaa. Inafika Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa, bado giza. Subiri ndani ya stesheni mpaka kupambazuke. Usikubali kuvutwa na dereva anayekuambia magari yameisha. Ya alasiri ni ya starehe zaidi na bado kuna mwanga unapopita Tsavo, pengine uone tembo wamejipaka udongo mwekundu, lakini itakubidi ulale Mombasa au Ukunda na kulipia chumba cha ziada.

Barabara ya Mombasa jioni ya Ijumaa unaijua. Kutoka katikati ya jiji kuna treni ya abiria ya kwenda Syokimau. Uliza saa zake siku hiyo, kisha uichukue. Ukifika, kuna foleni ya ukaguzi: mizigo inapangwa chini, mbwa anapita, halafu mashine. Saa moja na nusu kabla ya treni si mapema mno. Kisu cha kuchonga embe acha nyumbani.

Mwenye haraka na pesa anaweza kupanda ndege hadi uwanja mdogo wa Ukunda, na kutoka hapo Shimoni ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari.

Miritini hadi Shimoni

Njia ni mbili. Kama mko watu wanne, changeni teksi ipite barabara ya Dongo Kundu, ambayo huvuka maji kwa madaraja na kutokea upande wa kusini bila kugusa feri. Ukiwa peke yako, panda matatu hadi mjini, kisha nenda Likoni. Feri ni bure kwa mtu wa miguu. Shika mkoba wako mbele, fuata umati, na usikimbie geti linapofunguliwa.

Ng'ambo ya Likoni, kula. Mahamri na mbaazi za nazi, chai ya tangawizi, au viazi karai vya moto ukiwa na bahati. Huu ndio mlo rahisi wa mwisho kabla ya kisiwa.

Matatu za moja kwa moja hadi Shimoni zipo lakini si nyingi. Usisubiri: panda yoyote ya Lunga Lunga na umwambie kondakta akushushe Kanana. Utapita Ukunda (toa pesa kwenye mashine hapo, ukiwa na haja ya taslimu), Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi. Kanana ni njia panda, na kutoka hapo boda au tuktuk hukupeleka Shimoni, kilomita kumi na tano hivi. Kubaliana bei kabla ya kupanda. Kutoka Mombasa mjini hadi Shimoni ni takribani kilomita 80, na ukianza alfajiri unaweza kuwa gatini saa tatu.

Shimoni kwanza

Usivuke kabla ya kuingia mapango ya Shimoni, au basi uyaweke siku ya kurudi. Yako hatua chache kutoka gatini na yanaendeshwa na wanakijiji wenyewe. Ada ni ndogo na mwongozaji yuko hapo hapo. Unashuka ngazi, baridi inakupokea, mizizi ya miti imepenya dari na kushuka hadi sakafuni, na popo hawana habari nawe. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humu wakisubiri kupakiwa majahazini kwenda Zanzibar, na vyuma vilivyopigiliwa ukutani huonyeshwa wageni. Pia wanasema kwamba zamani watu walijificha humu wakati wa mashambulizi, na kwamba ni mahali pa mizimu. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Muulize mwongozaji kilichoendelea hapa baada ya hapo, kisha umwache aongee.

Shimoni pia ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, kabla serikali ya Uingereza yenyewe haijatangaza himaya mwaka 1895. Magofu ya enzi hizo bado yapo kijijini, mengine yamemezwa na mimea itambaayo.

Kuvuka

Gatini utakutana na bei mbili: ya mashua ya abiria wanayopanda wanakijiji, na ya boti ya kukodi. Zote ni halali. Ya abiria huondoka ikijaa, na mgeni hulipa zaidi kidogo kuliko mwenyeji. Sioni ubaya wake. Salimia kwanza. Mtu mzima mwamkie shikamoo, ungoje marahaba, ndipo uulize nauli. Nairobi tunazoea kufungua mazungumzo kwa bei. Hapa ukifanya hivyo utajibiwa bei, na hakuna zaidi.

“Nahodha, leo maji yanakupwa saa ngapi?”

“Saa nne na nusu. Ukitaka kushukia gatini vuka sasa hivi, ukichelewa utatembea.”

Kwa swali hilo moja utajua kama anajua kazi yake. Dai laifu jaketi na uivae, hata kama ng'ambo inaonekana karibu na wengine wote wamezikalia. Safari ni ya dakika kumi na tano au ishirini.

Kijiji cha Wasini

Hapa pana watu wanaoishi, si makumbusho. Vichochoro ni vyembamba, nyumba nyingi ni za mawe ya matumbawe na udongo, na barazani kuna wazee. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, wake kwa waume. Kina dada, leso mbili mkobani zitawatatulia mambo mengi. Nguo za kuogelea ni za kule nje kwenye mashua. Pombe usibebe. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, na watoto waombewe ruhusa kwa mzazi.

Chukua kijana wa kijiji akutembeze. Si kwa sababu utapotea, bali kwa sababu bila yeye utapita kaburi la miaka mingi ukidhani ni rundo la mawe. Yapo magofu ya nyumba na misikiti, na liko kaburi la mnara ambalo lilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Simama karibu. Utaona mashimo ya mviringo kwenye chokaa, ya ukubwa wa bakuli, mahali ambapo vyombo vilibandikwa na baadaye vikabanduliwa. Katika baadhi yao kipande kimebaki. Usikiguse.

Wenyeji ni Wavumba. Chimbuko lao ni Vumba Kuu, mji wa kale bara, karibu na mto Umba na mpaka wa leo, uliotawaliwa na watawala walioitwa Madiwani. Enzi ya Diwani ilikuwa na siwa lake, yaani baragumu la kitawala, na ngoma zake, na miji ya jirani ilitambua heshima hiyo. Watu wa Vumba Kuu walipohama walitawanyika Wasini, Vanga na kwingineko. Ukikaa barazani utawasikia wazee wakiongea Kivumba, lahaja yao ya Kiswahili, wao kwa wao, na kuna sentensi zitakazokupita ingawa ulipata alama A ya Kiswahili.

Nyuma ya kijiji iko bustani ya matumbawe, inayosimamiwa na kikundi cha akina mama wa Wasini. Unalipa kwao, kisha unatembea juu ya daraja la mbao katikati ya majabali ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka zamani za kale. Yamesimama kama watu waliokatizwa mazungumzo, mengine yanakuzidi kimo. Chini yake kuna mikoko, na kaa wadogo wekundu hukimbilia mashimoni ukikaribia. Siku za bamvua maji huingia hadi ndani, kwa hiyo nenda mara mbili: asubuhi pakavu, jioni maji yakiwa chini ya mbao. Uliza kama tikiti ileile inatosha.

Kuhusu maji ya kunywa: kisiwa hiki hakina chemchemi ya maji matamu. Watu huvuna mvua na kuihifadhi matangini, na visima vina chumvi. Ndiyo maana nakuomba ubebe lita zako kutoka Shimoni, tano kwa mtu kwa usiku mmoja, na uoge kwa ndoo moja. Mgeni anayefungua bomba kama yuko Kilimani anamwaga mvua ya mwaka jana. Chupa tupu rudi nazo bara.

Kulala kuna nyumba ndogo za wageni na familia zinazopokea watu. Piga simu kabla, siku mbili tatu, ili waweze kununua samaki. Agiza mapema pweza wa nazi, samaki wa kupaka au kaa, na uulize kama wanapika mwani. Jua likizama, boti za Diani zikiwa zimeondoka zamani, ndipo utaona kijiji kikitoka nje.

Mkwiro kwa miguu

Ondoka asubuhi na mapema, kabla ya jua kukaa utosini. Njia inapita vichakani juu ya mwamba uliochongoka kama misumari, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ngumu, malapa yatakatika. Ni mwendo wa saa moja hivi, na kivuli ni kidogo isipokuwa penye mibuyu. Mkwiro ni kijiji cha wavuvi, kimya kuliko Wasini, na wageni hufika wachache. Maji yakiwa yamekupwa utaona kamba zimefungwa kwenye vijiti na mwani umening'inia, akina mama wameinama maji yakiwafika magotini. Kazi hii hufanyika pia Kibuyuni, upande wa bara. Mwani huanikwa, hukaushwa, huuzwa, na mwingine hutengenezwa sabuni. Nunua kipande. Usikanyage kamba zao ukitafuta pembe nzuri ya picha.

Kurudi, kodi mashua badala ya kutembea tena. Jua la saa tano halina utani.

Kisite, ukiwa na muda

Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini mwa kisiwa na ina ada yake, tofauti na gharama ya boti. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kupitia eCitizen, taslimu haipokelewi, hivyo maliza ukiwa bado na mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho ili ulipe bei ya raia. Boti huondoka Shimoni asubuhi.

Mwambie nahodha mapema kwamba hutaki pomboo wafukuzwe. Boti nzuri huzima injini na kusubiri. Ndani ya maji, usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na yaliyopo yanajijenga kwa sentimita chache kwa mwaka, mengine pungufu. Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, vaa fulana ya mikono mirefu. Jihadhari na viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mwamba.

Mfukoni na mkobani

Taslimu ndogo ndogo, noti za mia na mia mbili, kwa sababu hakuna benki kisiwani na chenji ni shida. Tochi. Betri ya akiba ya simu. Mfuko usiopitisha maji. Dawa ya mbu, na ulale kwenye neti bila ubishi: Kwale kuna malaria, na mwili wa Nairobi haujaizoea. Ukipata homa baada ya kurudi, hata wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari ulikokuwa. Dawa zako za kila siku beba za kutosha na ziada, maana hospitali kubwa iliyo karibu iko Msambweni, bara.

Kurudi

Kata tikiti ya kurudi ya Jumapili saa nne usiku, siyo ya saa tisa alasiri. Ya alasiri itakulazimisha kuvuka asubuhi sana, na kama maji yamekupwa au upepo umeamka, utaikosa. Ukivuka kutoka Wasini saa saba mchana unapata nafasi ya mapango kama uliyaruka, unakuwa Kanana kabla ya saa kumi, na unafika Miritini bila kumpigia dereva kelele. Jumapili jioni Likoni hujaa, kwa hiyo ongeza saa nzima kwa ajili ya feri peke yake.

Wakati wa kusi, uliza nahodha Jumamosi usiku kuhusu Jumapili. Akisema vuka asubuhi, vuka asubuhi. Ukikosa treni, mabasi ya usiku ya Nairobi hutoka Mombasa mjini hadi usiku sana, na kiti cha mwisho hupatikana mara nyingi, ila ni cha nyuma kabisa.